Kona ya nyuzi 89

Huu ni mwaka wa kumi na tatu nafundisha hisabati sekondari, na kama kuna kitu niliamini sitafundishwa tena na mtu, ni pembe. Nikaja kufundishwa na dirisha la sebuleni kwangu, mbele ya mwanangu wa kidato cha pili, ambaye hajaacha kunicheka hadi leo.

Nyumba yetu iko Luchelele, Mwanza, juu kidogo ya njia ya kuteremkia ziwani, sehemu ambayo mawe ndiyo yaliyoamua nani ajenge wapi. Marehemu baba aliianza mwaka 1994 na kuimaliza chumba kwa chumba, kadiri mshahara ulivyoruhusu. Kama nyumba nyingi za wakati ule, aliiwekea fremu za mbao ngumu na vioo vya nako, vile vya vipande vipande vinavyofunguka pamoja. Fremu zenyewe, ukiacha moja, ni za mkongo na hazina hata tundu moja la mdudu. Tatizo ni kwamba mbao na plasta hazipikiki chungu kimoja. Kila kiangazi mbao inanywea kidogo, plasta inabaki pale pale. Masika ikija mbao inavimba tena na kuisukuma plasta. Fanyeni hivyo kwa miaka karibu 30. Kuzunguka kila fremu palikuwa na mpasuko, mahali pengine mwembamba kama uzi, mahali pengine unaingiza ukucha wa kidole gumba.

Mpasuko huo tungeweza kuishi nao kama si wale wadudu wa ziwani. Anayekaa kando ya Ziwa Victoria anawajua: unaona wingu jeusi limesimama juu ya maji, mgeni anadhani kuna mtumbwi unaungua, kumbe ni vijidudu kwa mamilioni. Upepo ukiwasukuma nchi kavu jioni, wanafuata taa. Hawaumi, lakini wanaingia kwenye chai, kwenye ugali, kwenye masikio. Nyavu za mbu tulikuwa nazo, nzima kabisa. Walikuwa wanapita kwenye mpasuko, mmoja baada ya mwingine, kama abiria wa daladala ya Nyegezi asubuhi. Asubuhi nafagia na kuwazoa kwa kizoleo.

Fundi niliyemwita alisema dawa ni kuweka urembo. Maana yake mbao nyembamba zinazolizunguka dirisha kwa ndani, zikilalia fremu upande mmoja na ukuta upande mwingine, ili mpasuko ufunikwe. Jina lenyewe lilinidanganya. Kitu kikiitwa urembo unadhani kazi yake ni kupendeza tu, na kitu cha kupendeza hakiwezi kuwa kigumu. Akataka shilingi 40,000 kwa dirisha, mbao juu yangu, na madirisha ni saba. Nikamwambia nitampigia. Sikumpigia.

Hesabu yangu ilikuwa hii: dirisha ni mstatili, mbao nne, kila ncha ikatwe nyuzi 45, na 45 kujumlisha 45 ni 90. Nini cha kulipia hapo?

Ilikuwa likizo fupi ya Pasaka. Nikaenda yadi ya mbao nikanunua msonobari, muuzaji akiniapia kwamba ni wa Rubya kule Ukerewe, umevuka ziwa wiki ile ile. Alilisema kama sifa, nami nikalipokea kama sifa. Wakanipasulia na kuniranda hapo hapo kwenye mashine, upana sentimita 10, unene sentimita 2. Zilikuwa nzito mikononi na zilinukia vizuri sana, harufu ile ya utomvu mbichi. Seremala yeyote angenuka tatizo. Mimi nilinuka nyumba mpya.

Msumeno na randa nilikuwa nazo za baba. Nikaazima drili kwa jirani, nikanunua futi, pima maji, msasa, gundi ya mbao, fisha (vile vijiplastiki vinavyoingizwa ukutani ili skrubu ishike) na skrubu zake, na kile kiboksi cha plastiki chenye mipasuo ya kuongozea msumeno kwenye nyuzi 45. Kiboksi hicho nakitaja kwa sababu ndicho kilichoniponza. Kinakata 45 na 90, basi. Hakina lugha nyingine.

Nilianza na dirisha kubwa la sebuleni, lile linalotazama ziwa. Upana sentimita 150, kimo 120. Nikapima, nikakata, nikapaka rangi nyeupe upande wa mbele, nikapigilia. Ubao wa juu ukakaa. Wa kushoto ukakaa. Kona ya kushoto ikafungana kwa ndani lakini ikavimbiana kwa nje, nikaisugua na msasa, nikaridhika. Kona ya kulia ikagusana kwa ndani kabisa, kwenye fremu, na kadiri unavyokwenda nje inaachana kama mdomo wa ndege. Nikakata ubao mwingine. Vilevile. Nikakata wa tatu kwa uangalifu wa mtu anayeshona jeraha. Vilevile. Mwanangu akatoa sarafu ya shilingi 200 mfukoni, akaichomeka kwenye uwazi ule, ikasimama yenyewe.

"Mama, hiyo ni tisini?"

Nikachukua futi nikapima dirisha kona kwa kona, kitu ambacho fundi wa kumwaga msingi anakifanya kabla hajanywa chai. Mstatili wa kweli wa 150 kwa 120 unatoa sentimita 192.1 pande zote mbili. Langu lilitoa 190.5 upande mmoja na 193.7 upande wa pili. Nikakaa chini na kalamu. Tofauti hiyo maana yake kona mbili ni nyuzi 91 na mbili ni nyuzi 89. Nyuzi moja tu. Ukiichora ubaoni wanafunzi wa mwisho hawaioni. Lakini ubao wa upana wa sentimita 10 ukikatwa mshazari, mkato una urefu wa sentimita 14, na nyuzi moja ikitembea sentimita 14 inafungua milimita mbili na nusu. Sarafu inaingia. Baba alisimamisha fremu ile mwenyewe, na msaidizi mmoja, bila ya kitu ila timazi na macho yake, na kwa miaka 30 hakuna aliyegundua kwamba imeegama, mpaka nilipoivisha nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine.

Niliziba uwazi ule kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, nikapaka rangi, nikaendelea. Ndani ya siku nne nilimaliza madirisha matatu. Kwa mbali yalipendeza. Nilipiga picha nikamtumia kaka yangu aliyeko Dar es Salaam, akajibu kwa vikofi vitatu.

Mvua ya masika ikaja wiki iliyofuata. Huku kwetu mvua kubwa hupenda kuanzia ziwani usiku na kutufikia alfajiri, na ikija na upepo inapiga ukuta kwa ubavu. Niliamka nikakuta ubao wa chini wa dirisha la sebuleni una mstari wa kahawia. Siku ya tatu rangi ikaanza kuinuka kama ngozi iliyoungua. Siku ya kumi nilibonyeza kwa kidole, ukabonyea.

Maji yalikuwa yakiingia tangu zamani. Hili ndilo nililopaswa kulijua kabla ya mengine yote. Zamani yalipita kwenye mpasuko, yakateremka ukutani, nikayafuta kwa taulo na kuyasahau. Ukuta ulikauka kwa sababu ulikuwa wazi. Mimi nikaja nikauziba mpasuko kwa ndani tu. Maji yakaendelea kuingia kama kawaida, yakakuta mlango wa kutokea umefungwa, yakakaa nyuma ya ubao. Na nyuma ya ubao sikuwa nimepaka rangi, maana nani anaona nyuma? Msonobari mbichi usiopakwa kitu ni sponji.

Halafu Juni. Mvua zikakatika, upepo mkavu ukaanza, na zile kona ambazo zilikuwa zimefungana vizuri kwa ndani zikaanza kufunguka, zote, hata za dirisha dogo la chumbani ambalo halikulowa. Nikapima ubao mmoja: sentimita 9.8. Nilikuwa na hakika ulirandwa 10 kamili. Urefu haukubadilika hata kidogo. Mbao hunywea kwa upana, si kwa urefu, na kwa hiyo mkato wa nyuzi 45 haubaki 45: upana unapungua, urefu unabaki, na kona inafunguka upande wa ndani. Kumbe ule uzito niliousikia mikononi ulikuwa maji, na yule muuzaji alikuwa mkweli kabisa aliposema mbao zimevuka ziwa wiki ile ile.

Sasa nimzungumzie mzee.

Chini yetu, karibu na maji, anakaa mzee mmoja ambaye ujana wake wote alijenga mashua na mitumbwi ya wavuvi, na alistaafu pale mikono ilipoanza kutetemeka. Mimi humwita Babu, yeye huniita Mwalimu kukiwa na watu na mayu, yaani mama kwa Kisukuma, tukiwa wawili. Alikuwa anapita kwenda kanisani, akaniona nabandua ubao uliooza kwa tindo.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mwangaluka mayu. Unabomoa ulichojenga?"

Nikamweleza. Akaingia, akavua viatu mlangoni ingawa nilimwambia asivivue, akaupitisha ukucha kwenye mpasuko wa fremu polepole kuzunguka dirisha lote, kama mtu anayesoma. Kisha akatoka nje akafanya vilevile kwa upande wa nje. Huko nje alisimama muda mrefu kuliko ndani.

"Ulikalafati?" akauliza.

Nikamwambia sikujua kama nyumba inakalafatiwa, yaani inazibwa nyufa kama chombo cha majini.

"Mtumbwi unaupaka rangi kwanza au unaukalafati kwanza?"

Hakusubiri jibu. Akanionyesha kizingiti cha nje, kile kilalo cha saruji chini ya dirisha. Alimwaga maji kidogo kutoka kwenye kopo la maua. Maji hayakwenda nje. Yaligeuka yakatambaa taratibu kuelekea kwenye fremu, yakaingia kwenye ufa, yakapotea. Miaka 30 kizingiti kimekuwa kikituelekezea mvua ndani ya nyumba kama karani anavyomwelekeza mgeni ofisini.

Basi Julai na Agosti yote sikugusa ubao wa ndani hata mmoja. Nilifanya kazi ya nje, kazi isiyopigwa picha. Nilichokonoa saruji ya kizingiti, nikaisiliba upya ikiwa na mteremko wa kwenda nje, na chini ya ukingo wake nikachora mfereji mdogo kwa ncha ya mwiko wakati saruji bado mbichi. Mfereji huo ni upana wa kidole tu, lakini tone la maji likifika pale haliwezi kutambaa kurudi ukutani, linaning'inia, linadondoka. Ufa kati ya fremu na plasta niliukwangua mpaka ukawa safi. Babu alitaka niujaze pamba iliyosokotwa, ndivyo walivyokuwa wakiziba mashua, na huku Usukumani pamba si kitu cha kutafuta. Tulibishana kidogo. Mwisho nilisokota vipande vya sponji nikavisukuma ndani kwa bisibisi, kisha juu yake nikapiga silikoni ya nje. Sponji si ya kuzuia maji. Kazi yake ni kuifanya silikoni ishike pande mbili tu, mbao na plasta, isishike na nyuma. Hapo mbao ikinywea, silikoni inavutika kama mpira badala ya kuchanika. Babu aliposikia maelezo hayo alisema ndiyo hayo hayo ya pamba, ila ya dukani.

Tukajaribu. Mwanangu nje na mpira wa maji akiupiga ukuta kwa dakika kumi, mimi ndani na tochi nimepiga magoti, Babu kwenye kiti na chai. Dirisha la sebuleni halikutoa tone. La chumbani lilitoa kona moja, tukalirudia. La jikoni lilivuja kama chujio, na hilo nitalisema baadaye.

Huku hayo yakiendelea, mbao mpya zilikuwa zimelala sebuleni. Nilizinunua mwanzo wa Julai, tena msonobari, maana bei ya mkongo sasa ni ya kumwombea mtu, nikazipanga juu ya vipande vya fito ili hewa ipite chini na juu, nikaziacha. Wageni waliruka juu yake. Nyuma ya kila ubao niliandika tarehe na upana kwa penseli, na kila Jumamosi nikapima. 10.2. Wiki mbili, 10.1. Mwishoni mwa Agosti zikasimama kwenye 10.0 na hazikushuka tena kwa wiki tatu. Nilikuwa nimewaambia yadi wanirandie upana wa ziada kidogo kwa ajili hiyo. Kabla ya kuzipigilia nilizipaka rangi ya kwanza pande zote, mbele, nyuma, ubavuni na kwenye ncha zilizokatwa. Ncha hasa. Mbao hunywa maji kwa ncha kama mrija.

Kuhusu kona, nilimwuliza Babu mashua inakuwaje na pembe zake.

"Mashua haina tisini hata moja," akasema. "Na maji hayaingii."

Kisha akanionyesha chombo chake cha kupimia pembe, na naomba msicheke: ni vijiti viwili vilivyounganishwa na msumari mmoja uliopindwa, vinafunguka na kufunga kama mkasi. Unaviingiza kwenye kona, unavifungua mpaka vigusane na pande zote mbili, unavikaza kwa kidole, unavilaza juu ya ubao na kuchora. Hakuna namba. Pembe yenyewe imebebwa kutoka ukutani hadi kwenye mbao bila kupitia mdomoni kwa mtu. Na futi pia alinikataza kwa vipande vya mwisho. Shika ubao pale pale unapokaa, weka alama kwa ncha ya kisu, kata nje ya alama, randa hadi uingie. Niligundua kwamba makosa yangu mengi ya milimita yalizaliwa pale nilipobadilisha ukuta kuwa namba na namba kuwa mbao. Kila tafsiri ilidondosha kitu njiani.

Hapo lakini na mimi nilikuwa na changu cha kumpa. Ukishaibeba pembe ya kona unatakiwa uigawe nusu kwa nusu, ili mbao zote mbili zikutane katikati. Babu aligawa kwa jicho. Mimi nikatoa bikari ya mwanangu, nikaweka ncha kwenye kona, nikachora tao, nikachora matao mengine mawili yakakatana, nikavuta mstari. Kugawa pembe sehemu mbili sawa, somo ambalo kila mwaka mwanafunzi mmoja ananiuliza litamsaidia nini maishani. Babu akaangalia zile tao zikikatana, akachukua bikari, akairudia mwenyewe kwenye kipande cha boksi. Ikatoka. Akasema, "Wabeja," yaani asante, na akairudia tena.

Kwa kona za juu tulitumia hiyo. Lakini kwa madirisha mengine aliniuliza kwa nini nahangaika na kona za fremu ya picha. Weka miguu miwili imesimama, ubao wa juu ulale juu yao kama linta juu ya nguzo, utokeze sentimita mbili kila upande. Mkato ni wa moja kwa moja, ukinywea haufunguki kwa macho, na nyuzi 89 inajificha yenyewe. Chini nao uwe ubao mpana unaotokeza kidogo, na miguu isimame juu yake. Nilijaribu kwenye dirisha la chumbani, na nikisema ukweli napenda lile kuliko la sebuleni lililonitoa jasho. Kona za mshazari ni za kuonyesha watu. Sijui nani anakuja kuangalia kona zangu.

Mambo mengine mawili matatu niliyoyajua kwa kuumia. Usipange ukingo wa ubao uwe sawasawa na ukingo wa fremu. Rudi nyuma milimita tano, fremu ionekane kidogo kuzunguka dirisha lote. Kingo mbili zikilazimishwa kuwa sawa, jicho linaona kila nusu milimita iliyopotoka, lakini zikiachana makusudi, jicho linaona mstari tu. Nilichonga kijiti cha unene huo nikawa nakitumia kama kipimo. La pili, plasta yetu mahali pengine ilikuwa imeinuka kuliko fremu, ubao ukawa unacheza kama kiti chenye mguu mfupi. Mara ya kwanza niliukandamiza kwa skrubu mpaka ukapasuka. Mara ya pili niliupunguza ukuta kwa tindo, sehemu ile tu itakayofunikwa, na ubao ukakaa wenyewe bila kulazimishwa.

Na upande wa juu wa dirisha si tofali, ni linta ya zege. Drili ya jirani, iliyoingia kwenye tofali kama kisu kwenye papai, ilifika kwenye zege ikapiga kelele, ikatoa moshi, na nusu saa baadaye nilikuwa na shimo la kina cha nusu sentimita na jirani amesimama mlangoni. Ilibidi nikaazime drili ya kugonga. Tena si lazima utoboe linta: ubao wa juu nilikuja kuushikiza kwa misumari midogo kwenye fremu upande wa chini, na gundi nyuma, ukakaa. Fisha niliziacha kwa miguu. Toboa tundu dogo kwanza karibu na ncha za ubao, hata kama ni msumari tu, la sivyo utapasuka ukiwa umeshapaka rangi na umeshamwita mtu aje aone.

Mvua za vuli zilianza Novemba. Usiku wa kwanza wa upepo niliamka saa kumi alfajiri nikaenda sebuleni bila kuwasha taa, nikapitisha kiganja juu ya ubao wa chini, kutoka kona hii hadi ile. Vumbi kidogo. Nikarudi kulala, nikashindwa, nikarudi tena kuupapasa.

Wadudu wa ziwani wamepungua sana, sitasema wameisha. Wanapita kwenye nako sasa, pale vioo visipofunga vizuri, na nako ni vita vingine.

Dirisha la jikoni, lile lililovuja kama chujio, tulikuja kugundua kwamba fremu yake imeoza upande wa nje chini ya rangi. Ndiyo fremu pekee ambayo si mkongo. Nadhani mwaka ule baba pesa zilimwishia, akaweka alichopata. Hapo urembo hauna la kufanya, na nimekataa kuweka. Kuna taulo. Nimeshaongea na seremala, nimekubali bei yake bila kubishana, na ameniambia nimtafutie mbao kavu mwenyewe kwa sababu yadi zote zina mbichi.

Mbao hizo zimelala sebuleni tangu mwezi uliopita, juu ya fito, na tarehe nyuma yake. Nilinunua 10.3. Jumamosi nilipima: 10.1. Bado.